Tulilala Katika Darasa Letu

Tulikuwa wasichana watatu, na katika mwaka wa sita, mwaka wa mwisho wa sekondari, hakuna mtu shuleni aliyetuona mmoja mmoja. Mimi na rafiki yangu wa kwanza tulikuwa majirani huko Kapata, mtaa wa mji wa Kolwezi, katika nyumba za kampuni ya mgodi zilizopangwa safu kwa safu. Ukuta wa jikoni kwao ndio uliokuwa ukuta wa jikoni kwetu. Mama yake akitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, vikombe vyetu vilitetemeka kabatini. Wazazi wake walitoka kaskazini mwa Katanga, watu wa kanisa la Kiprotestanti wasioonja pombe hata tone. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na asili yetu ilikuwa Kasai, jimbo lingine. Babu yangu aliletwa kufanya kazi mgodini zama za Wabelgiji. Baba yangu alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akawa karani katika ofisi ya kampuni Kolwezi. Mimi Kasai niliijua kwa kuisikia tu, kama mtu anavyomjua shangazi ambaye hajawahi kumwona.

Rafiki wa tatu aliishi Musonoi, pembeni kabisa mwa mashimo ya mgodi. Baba yake alikuwa fundi wa yale magari makubwa ya kubeba mawe, naye alikuwa mtu wa Kasai kama sisi. Mama yake alikuwa Mlunda, mwenyeji wa ardhi hiyohiyo. Msichana huyu alituzidi wote akili na alituzidi wote mdomo. Hesabu aliifanya kichwani huku akitafuna karanga, kisha akatupa jibu kama mtu anayetupa maganda.

Mambo yalikuwa yameshaanza kuharibika kabla hatujafika mwaka wa sita. Mgodi mmoja wa chini ya ardhi ulikuwa umebomoka, mishahara ikawa inakuja ikitaka, na unga ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi wake ukapungua hadi mama akaanza kuupima kwa kikombe. Basi lililokuwa likitupeleka shule mjini lilikufa, likaachwa gereji, na kuku wakaingia kutaga kwenye viti. Tukawa tunatembea. Mimi na jirani tulitoka pamoja, tukamkuta wa Musonoi kwenye njia panda amekaa juu ya jiwe, anatulaumu kwa kuchelewa hata siku tulizowahi.

Nikisema zilikuwa siku nzuri nitakuwa nadanganya, lakini tulicheka sana. Tuligawana masomo: mimi kemia, jirani biolojia, wa Musonoi hesabu na fizikia, kila mmoja akasoma sehemu yake na kuwafundisha wenzake njiani. Katika maabara hapakuwa na dawa hata moja iliyobaki. Mwalimu wa kemia alinyanyua chupa tupu, akamimina hewa ndani ya chupa nyingine tupu, na kutuambia, "Sasa inageuka bluu. Andikeni." Wa Musonoi akainua mkono: "Prof, yangu inageuka nyekundu. Nimeharibu wapi?" Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na mwalimu mwenyewe akageuka ubaoni ili tusimwone anavyocheka.

Tulikuwa na mpango. Tutafaulu mtihani wa taifa, tutaenda Lubumbashi kwenye chuo kikuu, tutakaa chumba kimoja. Jirani atakuwa muuguzi, mimi mwalimu, wa Musonoi atakuwa injinia na atatujengea nyumba zisizo na ukuta wa pamoja, maana alisema amechoka kusikia habari za vikombe vyetu.

Kisha yakaanza maneno ya redioni. Wakubwa wa jimbo walisema waziwazi kwamba njaa yetu ina mwenyewe, na mwenyewe ni mtu wa Kasai aliyejaza ofisi na kuwanyima kazi wenye nchi. Kutoka redioni maneno yakaingia sokoni, na kutoka sokoni yakaja shuleni. Tulipewa jina: bilulu, yaani wadudu. Mara ya kwanza kulisikia barabarani nilidhani wanazungumza juu ya mahindi yaliyooza.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa wa Kasai. Asubuhi moja aliingia darasani akakuta ubao umeandikwa kwa herufi kubwa, "BILULU MURUDI KWENU." Aliyasoma maneno yale mpaka mwisho, akachukua kitambaa, akafuta, akaandika mlinganyo. "Nani ataanza?" akauliza. Hakuna aliyeinua mkono isipokuwa wa Musonoi. Alikwenda ubaoni, akautatua, akarudi kukaa. Siku hiyo nilimpenda kuliko ndugu zangu wa damu.

Wiki chache baadaye wavulana wa mwaka wetu walisimama mlangoni na kumzuia mwalimu yule kuingia. Hawakumpiga. Walimwambia tu kwamba somo lake limeisha. Alisimama na mkoba wake kwapani, akatutazama kupitia juu ya mabega yao, kisha akageuka akaenda zake. Darasa likapiga makofi. Jirani aliiweka mikono yake chini ya dawati. Nilipogeuka upande wa pili nilimwona wa Musonoi anapiga makofi.

"Unapiga makofi?" nilimwuliza.

"Batu bote banapiga," akajibu bila kunitazama. "Unataka baone mi peke yangu ndiye sipigi?"

Tulipokuwa tunarudi nyumbani hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Tulijifundisha mifupa ya mkono na mguu, tukaachana kwenye njia panda kama kawaida.

Kwetu walikuja mchana, mama akiwa anasonga bukari, ugali wetu. Vijana wenye fimbo na vipande vya mabomba walikuwa wakishuka safu yetu nyumba baada ya nyumba, wakiruka zile ambazo walijua si za watu wa Kasai. Hawakukosea hata moja, maana walikuwa watoto wa Kapata, tulikua nao. Aliyepiga hodi kwetu alikuwa kaka mkubwa wa jirani. Nilipokuwa mdogo nilimwona baba yangu akimshikia baiskeli kwa nyuma, anakimbia naye barabara nzima mpaka akaweza kuiendesha.

"Tata," alisema, yaani baba, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa, "mutoke muzuri. Mi sitaki kelele na ninyi. Mubebe bile mutaweza, mwende na bengine."

"Tuende wapi, mutoto wangu?"

"Kwenu."

"Mi nilizaliwa hapa. Baba yako alinikuta hapa."

Kijana yule aliangalia chini kidogo, kisha wenzake walipomkaribia akainua kichwa na kupaza sauti: "Tata, mutoke!"

Tulitoka. Mama alijaribu kuibeba sufuria ya bukari ikiwa motoni, ikamchoma, akaiacha. Tulichukua godoro moja, mablanketi, nguo, picha ya Bikira Maria, na mimi nikachukua madaftari yangu ya kemia. Baba alipoyaona aliniambia niyaache nibebe dumu la maji, nami nikayabeba yote mawili. Mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Nilijua yuko ndani, kwa sababu siku ile shule ilikuwa imefungwa na hana mahali pengine pa kwenda.

Watu wa Kasai walikimbilia stesheni, na stesheni ilipojaa walipelekwa kwenye shule. Yetu ilikuwa mojawapo. Ndivyo nilivyoingia darasani kwangu na godoro kichwani. Ndani palikuwa na familia nyingi zimeshapanga vitu vyao, wakatuachia nafasi upande wa madirisha, karibu na dawati ambalo mimi na jirani tulikaa tangu mwaka uanze. Kifuniko chake tulikuwa tumekikwaruza kwa ncha ya kompasi.

Kwanza watu waliyaheshimu madawati. Walitundika nguo juu yake, wakalaza watoto. Lakini makaa yaliisha na watoto walikuwa na njaa, na kila familia ikaanza kuchukua dawati lake. Mama hakuniambia kitu. Aliweka mbabula yetu, lile jiko la makaa, ikiwa tupu katikati, akanitazama. Nilitoka na lile dawati uani, nikaomba shoka, nikalipasua mwenyewe. Lilikuwa la mbao ngumu na liliwaka vizuri.

Ukutani ilibaki ramani kubwa ya nchi. Kila siku wanaume walikuja kusimama mbele yake. Baba naye alikuja, akawaita wadogo zangu, akaweka kidole juu ya Kasai. "Tunaenda hapa," alisema. Mdogo wangu akauliza hapo kuna nini. Baba alikitazama kidole chake. Mtu aliyenisahihisha insha zangu zote, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo lililoandikwa gazetini, alikiondoa kidole akamtuma mtoto akalete maji.

Jirani alikuja baada ya siku kadhaa. Alipita katikati ya magodoro akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye kikwembe, yaani kitenge, akapiga magoti mbele ya mama.

"Odi, mama. Nimewaletea chakula."

Alifungua. Ilikuwa bukari bado ya moto, na sombe pembeni. Wadogo zangu walisogea wote kwa pamoja. Mama hakukitazama chakula. Alitazama mkono wa sufuria, ambao baba alikuwa ameufunga kwa waya wa shaba ulipovunjika.

"Hii sufuria iko ya nani?" aliuliza.

Jirani alivuta ncha ya kikwembe akaufunika ule mkono wa sufuria.

"Nakuuliza, mutoto."

"Iko ya ninyi, mama," akasema, na machozi yakaanza. "Mi sikuichukua. Kaka yangu mukubwa alisema tuingie mu nyumba yenu mbele ya bengine kuingia. Mi nilisema basi nitawapikia."

Watu waliotuzunguka walikuwa wanasikiliza. Nilidhani mama atamwaga kile chakula. Alitugeukia akasema, "Mule." Tulikula. Yeye mwenyewe hakugusa. Tulipomaliza alikwenda bombani, akapanga foleni na wengine, akaiosha sufuria ndani na nje, akaisugua masizi kwa mchanga mpaka ikang'aa. Akaikausha kwa kikwembe alichokuwa amejifunga, akampa.

"Uirudishe kwetu," alimwambia.

Nilimsindikiza jirani mpaka kwenye geti. Alikuwa anajifuta uso kwa mkono mmoja.

"Uko na hasira na mi?"

"Unalala mu chumba yangu?"

Aliihamishia sufuria mkono wa pili.

"Mu kitanda yangu?"

"Ungependa nilale wapi?" akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa ananijibu kwa ukali. Aliniuliza kweli, kama alivyokuwa akiniuliza jambo la kemia lililomshinda. Mimi nilijua tu kwamba sitaki kumwona tena. Nilimwambia asirudi. Hakurudi.

Baba wa rafiki yetu wa Musonoi alifika shuleni peke yake, hana hata mfuko. Alisimama mlangoni mwa darasa akiwa na ovaroli yake ya kazi, anaangalia kama mtu aliyekosea nyumba, mpaka mama akamtambua na kumwita aje kwetu. Vijana wa Musonoi walikuwa wamemwambia mke wake, "Mama, we ni wa hapa na batoto ni ba we. Mwanaume ndiye anaenda." Wajomba walikuja na kusema hivyohivyo. Akatoka.

"Na rafiki yangu?" niliuliza.

"Abaki afanye mtihani," alisema haraka. "Mi ndiye nilisema abaki. Usimuzanie mubaya."

Alikohoa tangu siku aliyofika. Usiku ilikuwa baridi na ovaroli ile ilikuwa nyepesi. Mama alimpa blanketi la mtoto, naye akajitanda mabegani, likamfanya aonekane kama mzee sana.

Kisha wa Musonoi akaja. Hakuingia. Msichana mmoja mdogo aliniambia kuna mtu ananiita nyuma ya shule, kwenye uzio wa waya. Nilimkuta amejifunika kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, kama mjane. Alinisukumia koti la baba yake kupitia tundu la waya, lile koti la kahawia alilolivaa misani.

"Umupe. Usimuambie ni mi."

"Yuko pale ndani. Anakohoa. Njoo umuone."

"Siwezi."

"Ni hatua kidogo tu."

"Nikionekana naye, batatutoa sisi bote, mama na badogo. Bajomba balisema." Alikuwa anaangalia nyuma kila mara. "Hata jina banabadilisha ku shule. Sasa niko na jina ya bajomba."

Sijui ni nini kilichoniuma zaidi, lile jina au ile haraka yake. Nilimwambia, "Hata ukibadilisha jina, damu utaibadilisha? We pia uko wa Kasai. Uko kama sisi."

Alirudi nyuma kutoka kwenye waya kana kwamba nimemtemea mate.

"Mi siko kilulu," alisema.

Yule aliyekwenda ubaoni peke yake. Alisema vile, akasimama pale kidogo, akakaza kitambaa chake na kuondoka, karibu anakimbia. Mimi nilibaki nimeshika koti.

Nilipompa baba yake, alilinusa kwanza. "Nani analeta?"

"Mama yake," nilisema.

"Alikuja mama peke yake?"

"Peke yake."

Alitikisa kichwa, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Nadhani alijua. Mke wake hakuwa mtu wa kuja mpaka pale.

Treni ilipopatikana ilikuwa ya mizigo. Tulipakiwa na magodoro yetu kwenye mabehewa, na baba wa Musonoi akaingia pamoja nasi kwa kuwa hakuwa na watu wengine. Stesheni palikuwa na kundi lililokuja kututazama. Wengine waliimba. Wengine, sitaki kuwanyima haki yao, walilia. Niliangalia nyuso zote nikiwatafuta wale wawili, na sikumwona hata mmoja.

Safari hiyo nimeshaulizwa sana kuihusu na sipendi kuisimulia. Treni ilisimama porini bila sababu, ikakaa, ikaenda kidogo, ikasimama tena. Maji tuliyachota kwenye mitaro. Baba wa Musonoi alikaa karibu na mlango apate hewa. Alipopata nguvu alinifundisha hesabu. Kweli. Alichora kwa msumari kwenye ubao wa behewa, akaniuliza, nikakosea, akacheka: "Mutoto yangu angejibu hata sijamaliza kuuliza." Halafu akaongeza, "Ile akili ni ya mi. Uzuri ni ya mama yake. Mukionana, umuambie nilisema hivi."

Alikufa asubuhi moja, treni ikiwa imesimama kwenye kituo kidogo kisicho na mtu. Mama ndiye aliyegundua, alipompelekea maji. Wanaume waliazima jembe behewa la mbele na kuchimba kando ya reli, karibu na tangi la maji lililotoboka. Ardhi ilikuwa ngumu. Mama alianza rozari, na kabla hajafika nusu kichwa cha treni kilipiga honi. Walifukia kwa mikono na miguu. Baba yangu aliweka jiwe, na tukakimbia, watu wakituvuta ndani kwa mikono. Nilitafuta jina la kituo. Kibao kilikuwepo, lakini herufi zilikuwa zimeanguka zote.

Tulishuka Mwene-Ditu, huko Kasai. Ndugu za baba walitupokea, wakatupa vyumba viwili, na baada ya muda wakaanza kuhesabu sahani. Watoto wa mtaani walicheka Kiluba changu, lugha ya huko. Niliposahau na kuongea Kiswahili waliniita mu-Katanga, wakaniambia nirudi kwetu. Shuleni, kwa kuwa sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha nilipotoka, nilirudishwa mwaka wa tano, nikakaa na watoto. Baba hakupata tena kazi. Kila asubuhi alivaa suruali yake ya ofisi, akakaa barazani na gazeti la zamani. Alifariki akiwa bado mtu wa umri wa kati, na aliyemjua Kolwezi asingemtambua ndani ya jeneza.

Nilifaulu mtihani wa taifa nikiwa nimechelewa sana. Nikawa mwalimu wa kemia, kama nilivyotaka. Mambo ya Kolwezi niliyaweka mbali. Jambo moja tu nilijitahidi kulifanya, tena mapema, mwezi uleule tuliofika. Mwanamke mmoja mfanyabiashara alikuwa akienda huko kuuza, nikamwomba aende Musonoi, amtafute mama wa rafiki yangu na kumweleza kwamba mume wake alikufa njiani na kuzikwa. Aliporudi alisema amemkuta na amemwambia. Nikajua basi, rafiki yangu amepata habari, na kama hataki kunitafuta, shauri yake.

Miaka mingi baadaye binamu yangu aliyekuwa amerudi Kolwezi kwa biashara alimwoza binti yake, nikaenda. Nilijiambia sitamtafuta mtu. Lakini kwenye arusi mtu mmoja aliniambia rafiki yangu wa Musonoi anaishi Kasulo, na kesho yake nikapanda pikipiki mpaka huko.

Mtaa wote ulikuwa umechimbwa. Watu walikuwa wakitafuta kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na mashimo yalifunikwa na maturubai ya rangi ya chungwa. Yeye nilimkuta barazani. Alikuwa amenenepa, na nywele zimeanza mvi. Tulitazamana.

"Ni we?" aliuliza.

"Ni mi."

Aliniletea kiti pale nje, akisema ndani hakukaliki, sebuleni wadogo zake wamechimba. Tuliulizana habari za watoto. Aliniambia alifaulu mtihani, walifanyia darasani kwetu, kuta zikiwa bado nyeusi kwa moshi. Chuo kikuu hakwenda, wajomba walikataa. Jirani naye alisomea uuguzi. Ile nyumba yetu ya Kapata kaka yake aliiuza, na alipoiuza alimtoa jirani na mama yake nje na vitu vyao. Aliyasema hayo kwa taratibu, akiniangalia, labda akidhani nitafurahi. Nilijaribu kufurahi na sikuweza.

Kisha akasema, "Tata yangu alioa bibi mwengine kule, si vile?"

Sikumwelewa. "Nani alikuambia?"

"Mama. Alisema batu balimuona. Alisema alishatusahau." Alicheka kidogo. "Mi nilimukasirikia miaka yote. Hata batoto yangu sijawaambia jina yake."

Nilimwambia. Sikuwa na njia nyingine ila kusema yote, koti, msumari kwenye ubao wa behewa, ujumbe wake, jembe la kuazima. Alinisikiliza bila kusogea. Nilipofika kwenye habari ya yule mfanyabiashara aliinuka ghafla, akapita uani. Mama yake alikuwa huko, mzee sasa, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilisikia kila neno.

"Mama, ulijua tata alikufa?"

Maharagwe yaliendelea kidogo kugonga ungo, kisha yakanyamaza.

"Ulikuwa na mtihani," mama alisema.

"Na kisha ya mtihani?"

"Kisha nilishaanza kusema ile ya bibi mwengine. Nilishindwa kurudi."

Rafiki yangu alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, macho yalikuwa makavu na yamejaa hasira, na hasira hiyo ilikuwa kwangu pia.

"We ungekuja mwenyewe," alisema. "Maneno kama ile unaituma na muuzaji wa soko?"

"Ningekuja na nini? Mulikuwa mulitufukuza."

"Mi sikufukuza mutu."

Nilimtazama. Yeye ndiye aliyeinamisha macho. "Siku ile ku waya…" alianza.

"Niliisikia siku ile," nilisema. "Acha."

Hakuiendeleza, na mimi sikumsaidia kuiendeleza. Huenda mtu mwema kuliko mimi angemsaidia. Aliniuliza tu kituo kinaitwaje. Nilimweleza kibao kisicho na herufi, tangi lililotoboka, jiwe. Aliniuliza kama tangi lilikuwa upande wa kulia au wa kushoto wa reli ukitoka Kolwezi. Nilifikiri sana, nikasema kushoto. Sikuwa na hakika, na aliona kwamba sina hakika.

Alinisindikiza mpaka barabarani, tukapita kando ya mashimo, ananishika mkono mahali ambapo udongo ulikuwa umelegea. Alisema mvua zikiisha atakwenda na treni, akiipata, na akaniomba tuende pamoja nimwonyeshe. Nilikubali. Tulipeana namba za simu. Mvua zile ziliisha na nyingine zikaja. Alinipigia mara moja, akauliza habari za watoto, akazungumzia bei ya unga, akakata bila kutaja safari. Nami sikuitaja.